Ukali wa Kazi na Utamu wa Maneno: Kipi Humfundisha Mtu Biashara?

Mtu anayetaka kujifunza kuuza, kupanga bei, kutunza hesabu au kusimamia wafanyakazi hukutana mapema na wakufunzi wa namna mbili. Wa kwanza humwambia kwamba uwezo tayari umo ndani yake, kwamba kinachomkwamisha ni woga, na kwamba akijiamini mambo yatanyooka. Wa pili hana muda na maneno hayo: humpa kazi, huipitia mstari kwa mstari, humwonyesha ilipoharibika, kisha humrudishia aifanye upya. Wanaompenda wa kwanza husema ukali huwavunja watu moyo kabla hawajaanza. Wanaompenda wa pili husema hamasa huisha watu wakishatoka ukumbini. Kila upande una watu halisi wa kuwatolea mfano, na ndiyo maana mabishano hayaishi.

Hayaishi pia kwa sababu ndani ya kila upande yamechanganywa mambo mawili yasiyofanana. Watetezi wa ukali wamechanganya ugumu wa kazi na ukali wa mkufunzi kwa mwanafunzi, ilhali mtu anaweza kudai kazi ngumu kwa sauti ya upole, na mwingine akafoka siku nzima bila kudai lolote la maana. Watetezi wa hamasa nao wamechanganya msisimko unaoletwa na maneno na moyo anaoupata mtu baada ya kufanya jambo likafaulu mikononi mwake. Mambo haya manne yakitenganishwa, naamini jibu huanza kuonekana: ustadi wa biashara hujengwa na kazi ngumu inayopitiwa na mtu anayeijua, na hamasa inayodumu ni zao la kazi hiyo.

Kuhisi kwamba umejifunza

Ugumu wa kwanza wa mafunzo yanayotegemea hamasa ni kwamba mwanafunzi hawezi kuyapima vizuri akiwa bado ndani yake. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa wanafunzi wa fizikia ya utangulizi. Wanafunzi waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja lilisikiliza mhadhara wa mwalimu hodari, na kundi la pili lilipewa maswali liyahangaikie kwa vikundi, kisha likaelezwa. Somo lilikuwa moja. Waliohangaika walipata alama za juu zaidi katika mtihani, lakini walipoulizwa walisema wamejifunza kidogo kuliko walivyosema wale waliokaa na kusikiliza.

Mwaka 2013 Shana Carpenter na wenzake walikuwa wameonyesha jambo la aina hiyo kwa njia nyingine. Waliwaonyesha watu video fupi ya maelezo ya sayansi, maneno yakiwa yaleyale na msemaji yuleyule; katika video moja msemaji alisimama wima, akawatazama watazamaji na kueleza kwa ufasaha bila karatasi, na katika nyingine alijikunja juu ya karatasi zake akasoma kwa kusitasita. Waliomtazama msemaji fasaha walidhani wamejifunza mengi zaidi. Walipopimwa, alama zao zilikaribiana sana na za wenzao.

Kwa anayejifunza biashara matokeo haya yana uzito wa pekee, kwa sababu wahamasishaji wengi ni wasemaji hodari, na ufasaha wao huhamia kwa msikilizaji kama hisia ya kuelewa. Mtu akisimuliwa jinsi muuzaji bingwa alivyomgeuza mteja mgumu, kila hatua ya simulizi humwingia akilini kwa urahisi, naye huona kwamba jambo hilo angeliweza. Kesho yake mteja wake mwenyewe anamwambia, "Bei yako iko juu," kisha ananyamaza. Hapo ndipo hugundua kwamba kutambua jibu jema linaposemwa na mwingine ni kazi moja, na kulitoa kinywani mwako huku mteja akikukazia macho ni kazi nyingine kabisa. Ya pili haifundishwi kwa masikio.

Kuna hatari ya ndani zaidi, inayohusu kujiona umefika. Gabriele Oettingen na Doris Mayer, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2002, walitofautisha matarajio mema yenye msingi, yaani mtu kuona kwamba kwa alivyofanya huko nyuma ana nafasi ya kufaulu, na njozi tamu za mafanikio, yaani kujipaka rangi ya mafanikio akilini kana kwamba yameshapatikana. Miongoni mwa wahitimu waliokuwa wakitafuta kazi, wenye matarajio yenye msingi walifanya vizuri zaidi, lakini wale waliozama katika njozi walipata nafasi chache za kazi na mishahara midogo. Semina inayomfumbisha mtu macho ajione tayari ni tajiri inachochea hasa kile cha pili, na inakiuza kwa jina la kile cha kwanza.

Mfano wa bei

Tuchukue ustadi mmoja ili tuone mafundisho ya vitendo yanafanya nini ambacho maneno hayawezi kukifanya. Mwanafunzi ana bidhaa iliyomgharimu 600, naye anataka faida ghafi, yaani bei ukitoa gharama ya bidhaa, ya asilimia 40 ya bei ya kuuzia. Wanafunzi wengi huongeza asilimia 40 juu ya gharama, wakapata 840, na kuridhika. Mkufunzi wa vitendo hamwambii kwamba amekosea. Humtaka aigawe faida kwa bei. Faida ni 240, na 240 kwa 840 haifiki hata asilimia 29. Ili asilimia 40 ya bei iwe faida, gharama lazima iwe asilimia 60 iliyobaki, kwa hiyo 600 inagawanywa kwa 0.6 na bei inakuwa 1,000. Tofauti ya 840 na 1,000 ndiyo inayowafanya watu wengi wauze sana mwaka mzima na mwisho wasione fedha ilikokwenda.

Kisha inakuja hatua ya pili. Mteja anaomba apunguziwe asilimia 10, ombi linaloonekana dogo. Bei inashuka hadi 900, lakini gharama haijashuka, kwa hiyo faida inatoka 400 hadi 300: punguzo la sehemu ya kumi ya bei limemeza robo ya faida. Aliyekuwa akiuza vipande 100 sasa anahitaji kuuza 134 ili abaki pale alipokuwa. Mkufunzi anamwuliza kama ana uhakika kwamba punguzo hilo litamletea wanunuzi hao 34 zaidi, na mwanafunzi, pengine kwa mara ya kwanza, analiona swali lenyewe. Hatua ya tatu ni kulifanya zoezi hilo kwa bidhaa zake halisi, akiingiza gharama ambazo watu huzisahau: usafirishaji, vifungashio, bidhaa zinazoharibika, muda wake mwenyewe. Kazi hii inachosha, na mara nyingi mwanafunzi hugundua kwamba bidhaa aliyoipenda kuliko zote humtia hasara kila inaponunuliwa.

Hatua ya nne ndiyo ngumu zaidi. Mkufunzi anakaa kwenye kiti cha mteja, mwanafunzi anataja bei, na mkufunzi ananyamaza. Karibu kila anayeanza huogopa ukimya huo akaujaza kwa kusema, "Lakini tunaweza kuzungumza." Zoezi linasimamishwa hapohapo, anaonyeshwa kwamba ameshusha bei kabla mteja hajafungua kinywa, na linaanza upya. Anajifunza kutaja bei na kusubiri. Anajifunza kwamba akibanwa anaweza kupunguza kiasi cha bidhaa, kubadili masharti ya malipo au kuondoa huduma fulani, badala ya kukata bei ya kitu kilekile. Yanarudiwa hayo mpaka ulimi uyazoee.

Mtu aliyepita hapo humkabili mteja akiwa na ujasiri, na ujasiri huo hakupewa na hotuba. Anajua namba yake ya mwisho, anajua kwa nini hawezi kuivuka, na ameshausikia ukimya wa mteja mara nyingi kiasi kwamba haumtishi tena. Saikolojia ina maelezo ya jambo hili. Mwaka 1977 Albert Bandura alieleza kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake wa kufanya jambo fulani hutoka kwenye vyanzo vinne: kulifanya mwenyewe akafaulu, kumwona mwingine kama yeye akilifanya, kushawishiwa kwa maneno, na jinsi anavyousoma mwili wake unapotetemeka au kutulia. Chanzo chenye nguvu kuliko vyote ni cha kwanza. Ushawishi wa maneno una nguvu ndogo, na imani iliyojengwa nao huporomoka kwa urahisi mtu akikutana na ukweli unaoupinga.

Hapo ndipo naona kosa la msingi la biashara ya hamasa: imechukua chanzo dhaifu cha kujiamini ikakifanya bidhaa nzima. Msemaji hukazania ushawishi, huongeza simulizi za waliofanikiwa, ambazo mara nyingi ni za watu walio mbali mno na hali ya msikilizaji, na huuchemsha mwili kwa muziki na makofi. Kile chanzo kikubwa hakiguswi, kwa kuwa kinadai muda, kinadai kundi dogo, na kinadai mkufunzi anayeweza kuketi na hesabu za mtu mmoja.

Ukali unaofundisha na ukali unaoharibu

Yaliyosemwa hadi hapa yanaweza kumfurahisha mtetezi wa ukali kupita kiasi, na ni lazima nimzuie. Mwaka 1996 Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya tafiti nyingi kuhusu athari za kumpa mtu mrejesho juu ya kazi yake, zenye vipimo 607 kwa jumla. Kwa wastani mrejesho ulisaidia, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya vipimo hivyo ulishusha kiwango cha kazi. Maelezo yao ni kwamba mrejesho hupoteza nguvu kadiri unavyoyavuta mawazo ya mtu kutoka kwenye kazi na kuyapeleka kwenye nafsi yake. Aambiwaye kwamba sentensi ya tatu ya barua yake ya mauzo inaahidi jambo ambalo bidhaa haiwezi kulitimiza, atairekebisha sentensi hiyo. Aambiwaye kwamba hana kipaji cha kuuza atatumia nguvu zake kujitetea, kujificha au kukata tamaa, na barua itabaki ilivyokuwa.

Msomaji atambue kwamba hoja hii inakata pande zote mbili. Sifa nono zinazomhusu mtu mwenyewe, za aina ya "wewe ni mshindi", nazo huyapeleka mawazo kwenye nafsi na kuyatoa kwenye kazi. Kwa jinsi hiyo mkufunzi anayetukana na mhamasishaji anayesifu bila kuiona kazi wanakaribiana kuliko wanavyofikiri: wote wawili wanazungumza juu ya mtu, na kazi imekaa pembeni haijaguswa.

Upande unaojenga ulionyeshwa na David Yeager na wenzake katika utafiti wa mwaka 2014 nchini Marekani. Wanafunzi wa darasa la saba waliandika insha, walimu wakazisahihisha kwa kina, kisha kila insha ikabandikwa kijikaratasi. Baadhi ya vijikaratasi vilisema tu kwamba maoni yametolewa ili mwanafunzi ayaone. Vingine vilisema kwamba mwalimu anasahihisha hivyo kwa sababu anadai kiwango cha juu na anajua mwanafunzi anaweza kukifikia. Miongoni mwa wanafunzi Weusi, ambao wengi wao hawakuwa na sababu kubwa ya kuiamini shule, walioamua kuiandika upya insha yao walitoka chini ya mmoja kwa kila watano na kuvuka theluthi mbili. Masahihisho yenyewe hayakulainishwa hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba mwanafunzi alielewa ukali ule unatoka wapi.

Maneno ya kutia moyo, basi, yana nafasi, tena nafasi kubwa, yakishikamana na kazi iliyosomwa kweli na kusahihishwa kwa uaminifu. Yakitembea peke yake hayana cha kushikilia. Ni sawa na udongo wa mfinyanzi: maji huufanya ukubali umbo, lakini maji bila udongo hayasimami juu ya gurudumu.

Majaribio ya biashara yanasema nini

Kuna utafiti mmoja ambao watetezi wa hamasa huweza kuunyanyua kama bendera, nami nauthamini sana, kwa hiyo unastahili kusomwa kwa makini. Mwaka 2017 Francisco Campos, Michael Frese na wenzao walichapisha matokeo ya jaribio la biashara ndogo 1,500 mjini Lomé, Togo. Biashara 500 hazikupewa mafunzo. 500 zilipewa mafunzo ya kawaida ya uhasibu, masoko na usimamizi. Na 500 zilipewa mafunzo yaliyotokana na saikolojia, yanayohusu kuchukua hatua ya kwanza. Kundi la mwisho liliongeza faida kwa asilimia 30 likilinganishwa na lile lisilofundishwa. Mafunzo ya kawaida yalileta ongezeko la asilimia 11, ambalo kitakwimu halikuweza kutofautishwa na sifuri, yaani huenda lilitokana na bahati tu.

Kwa haraka mtu angesema moyo umeshinda daftari. Lakini tuyaangalie mafunzo yaliyoshinda yalikuwa na nini. Washiriki walifundishwa kutafuta fursa kabla hazijatajwa na wengine, kujiwekea lengo, kulivunja lengo hilo kuwa mpango, kutabiri vikwazo na kujiandaa kurudi pale watakapokwama. Waliyafanya hayo juu ya biashara zao wenyewe, na wakufunzi waliwatembelea baadaye kuona yanavyotekelezwa. Hayo ni mafunzo ya vitendo juu ya tabia ya ujasiriamali. Yaliyoshindwa ndiyo yaliyokuwa na maudhui yanayoitwa ya vitendo, kama uhasibu na masoko. Utafiti huu, kwa usomaji wangu, unatuonya tusipime uhalisi wa mafunzo kwa jina la somo: uhasibu unaweza kufundishwa kwa namna isiyogusa biashara ya mtu hata kidogo, na ujasiri unaweza kufundishwa kama kazi ya mikono, yenye hatua na masahihisho.

Jaribio la Alejandro Drexler, Greg Fischer na Antoinette Schoar katika Jamhuri ya Dominika, lililochapishwa mwaka 2014, linaelekea huko huko. Wateja wa taasisi ya mikopo midogo waligawanywa: wengine walifundishwa kanuni za kawaida za uhasibu, na wengine walifundishwa sheria chache rahisi, kwa mfano namna ya kutenganisha fedha za biashara na za nyumbani. Sheria rahisi ziliboresha utunzaji wa fedha. Uhasibu kamili haukuleta mabadiliko ya kuonekana. Ugumu kwa ajili ya ugumu haukumsaidia mtu. Mkufunzi anayejivunia kwamba mafunzo yake ni mazito anapaswa kujiuliza kama uzito huo uko kwenye zoezi au kwenye maelezo tu.

Na katika eneo la Dandora, Nairobi, Wyatt Brooks, Kevin Donovan na Terence Johnson waliwalinganisha wanawake vijana wenye biashara ndogo waliopelekwa darasani na wale waliounganishwa na mfanyabiashara mzoefu wa eneo lao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba darasa halikuongeza faida, ilhali walezi wazoefu waliiongeza kwa wastani wa asilimia 20, kwa sehemu kubwa kwa sababu waliwaonyesha wenzao mambo mahususi kama vile pa kununulia bidhaa kwa bei nafuu. Faida hiyo ilififia uhusiano na mlezi ulipokatika. Hilo la mwisho halitajwi vya kutosha: msaada mzuri wa vitendo unaweza kumwacha mtu na majibu ya leo bila kumwachia uwezo wa kuyatafuta ya kesho.

Kwa nini soko peke yake halitoshi kuwa mwalimu

Wapo wanaokataa pande zote mbili na kusema kwamba soko ndilo mwalimu, mtu aingie tu apigwe na dunia. Hoja hii ina heshima yake, ila imesahau jinsi soko linavyofundisha. Daniel Kahneman na Gary Klein, wanasaikolojia waliokuwa wakipingana kwa muda mrefu, walikubaliana katika makala ya mwaka 2009 kwamba uzoefu humfanya mtu kuwa mjuzi pale tu mazingira yanapokuwa na utaratibu unaoweza kujifunzwa, na majibu yanapokuja upesi na kwa uwazi. Biashara mara nyingi inakosa hayo. Mteja aliyeondoka hasemi kwa nini ameondoka. Bei mbaya huweza kuzaa mauzo mazuri kwa miezi kadhaa kabla hasara haijajitokeza. Mtu anaweza kufanya biashara kwa miaka mingi akirudia kosa lilelile, akilihesabu kuwa uzoefu.

Kazi ya mkufunzi ni kuziba pengo hilo: kuleta jibu la haraka na la wazi mahali ambapo soko linachelewa au linanyamaza. Kwa anayeanza kabisa, hilo huanza kwa kuonyeshwa mfano kamili uliokwisha kutatuliwa, kwa sababu, kama kazi za John Sweller tangu miaka ya 1980 zilivyoonyesha, akili ya mwanagenzi hulemewa upesi inapotakiwa kutafuta njia na kujifunza kwa wakati mmoja. Kumtupa mtu wa jinsi hiyo kwenye zoezi zito siku ya kwanza ni uvivu wa mkufunzi uliovikwa joho la ukali. Kadiri anavyokomaa, mifano inapungua na matatizo yasiyo na jibu moja yanaongezeka.

Anayetafuta mafunzo, basi, asianze kwa kuuliza kama mkufunzi ni mkali au mchangamfu. Aulize atafanya nini kwa mikono yake kila kipindi, nani ataisoma kazi hiyo, na kama ataruhusiwa kuirudia baada ya kusahihishwa. Aulize darasa lina watu wangapi, kwa sababu mkufunzi mmoja hawezi kupitia hesabu za watu 200, na anayeahidi hivyo ameahidi hotuba. Kisha awatafute waliomaliza mafunzo hayo miezi sita iliyopita, akwepe kuwauliza kama waliyapenda, awaulize ni jambo gani katika biashara zao wanalifanya leo kwa namna tofauti, na awaombe wamwonyeshe.